Nilipokuwa Mama wa Baba Yangu

Nianze na mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nikishika habari ya mgonjwa huwa naruka kurasa kwenda kuangalia kama alipona. Nilipona! Nalala usingizi, nakula mpaka naambiwa nipunguze, na nywele zimejaa kichwa kizima hadi msusi wangu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, hulalamika kwamba vidole vinamuuma. Ukishajua hilo, kaa vizuri nikusimulie jinsi nilivyougua nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nina hamu ya kuisema habari hii kuliko wewe ulivyo na hamu ya kuisikia.

Baba yangu ni Mrangi wa Kondoa. Mama yake alifariki mimba yangu ikiwa changa, na nilipozaliwa msichana hapakuwa na mjadala, nikapewa jina lake, Mwanaidi. Watu wa kwetu wanajua maana yake. Mtoto mwenye jina la bibi ndiye bibi. Baba aliniita "mama". Mama yangu, ambaye ni Mgogo wa upande wa Mpwapwa, aliniita "mkwe". Mdogo wangu Shabani aliniita "bibi" tangu alipoanza kutamka maneno. Kila asubuhi baba alitoka chumbani na taulo begani, akainama mbele yangu, "Shikamoo mama," nami na kikombe changu cha uji nikamjibu kwa sauti nzito, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nyumba nzima ikacheka. Ndugu wakija kutoka Kondoa waliniletea asali na karanga, wakaniuliza miguu inaendeleaje, kwa kuwa marehemu alikuwa mgonjwa wa miguu. Nami nilijibu kwamba inanisumbua kidogo wakati wa baridi. Nilipenda mno! Mtoto gani asingependa?

Sitaki mtu aseme nimeandika haya kuitukana desturi yetu. Imelea watoto wengi kwa mapenzi makubwa, na mimi mmoja wao. Mambo yaliharibika pale utani ulipotwishwa mizigo ya kweli.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo rafu zake zilikuwa tupu tangu nizaliwe yalijaa kama mtu kafungua bomba. Sabuni za kunukia, redio za kaseti, mitumba ya kila rangi ikimwagwa chini kwenye maturubai. Watu tulichanganyikiwa kwa furaha. Lakini upepo huohuo uliojaza maduka ulilikuta shirika la umma alilofanyia kazi baba, likaanza kupunguza watu, na baba akapunguzwa. Alirudi nyumbani mchana ameshika kikombe chake cha chai cha ofisini. Akakiweka juu ya kabati, akakaa, akautazama ukuta.

Alijaribu kuuza mitumba, lakini mtu aliyekuwa karani maisha yake yote hajui kupiga kelele sokoni. Alisimama nyuma ya nguo zake kama anasubiri kuitwa kwenye usaili. Mama akaanza vitumbua. Kisha wakaanza kugombana, na hapo ndipo kila mmoja wao alipokumbuka kwamba nyumba ina mtu mzima.

Mama alinianza alfajiri, karai likiwa jikoni. "Mkwe, mwanao ananitesa. Ulimlea vipi mtu asiyesema? Nikimuuliza kitu anatazama ukuta." Alianza akicheka na kumaliza akilia, huku mimi nageuza vitumbua. Nikamwambia, "Nitaongea naye." Na kweli niliongea naye! Jioni baba alikaa kizingitini, akaniita nikae karibu. "Mama, mkwe wako ananidharau mbele ya majirani. Umenizaa ili nije nifanyiwe hivi?" Nikamshika bega nikamwambia avumilie, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowasikia akina mama wazima wakisema.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekwama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa yule aliyekuwa na jina linalofaa. Lakini mimi sikujua kwamba natumiwa kama pango la kutupia siri. Niliamini. Darasani mwalimu anafundisha sehemu na desimali, mimi nawaza kama mwanangu amekula mchana. Ugali ukawa haushuki kooni. Nikagawa chakula changu kwa baba na Shabani, kwa kuwa mama mwema hula wa mwisho.

Kiangazi kile, upepo ukivumisha vumbi mpaka ndani ya vyungu, ndugu walikuja kutoka Kondoa na Mpwapwa kuwapatanisha wazazi wangu. Alikuwepo baba mkubwa, kaka yake baba, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Alikuwepo shangazi Rukia, dada yao, aliyempenda mama yao kuliko watoto wote. Watu walikaa mikekani. Baba akasema yake, mama akasema yake. Kisha baba mkubwa akapiga makofi na kusema, "Sasa mama aje akae. Mwenye mwana ndiye aamue."

Wakaniketisha kwenye kiti pekee kilichokuwepo, shangazi akanivika khanga mabegani. Miguu yangu haikugusa sakafu.

"Mama," akasema baba mkubwa, "umewasikia wote wawili. Tuambie nani ana makosa."

Wengine walitabasamu. Wengine walisubiri kwa dhati kabisa, maana kwetu utani wa namna ile huwa nusu yake ni kweli. Mama alinitazama. Baba alinitazama. Nikaona wazi kwamba nikimtaja mmoja nitampoteza, na nikimtaja mwingine nitampoteza pia.

Nikasema, "Mwenye makosa ni mimi."

Lahaula! Nyumba ililipuka. Shangazi Rukia akapiga vigelegele, "Mmesikia? Mmesikia hekima ya mama? Ndivyo alivyokuwa! Ndivyo hasa angesema!" Baba akalia, mama akalia, wakashikana mikono, tukaletewa pilau. Kila mtu aliondoka amefurahi, na mpaka leo kuna ndugu wanaoisimulia siku ile kama muujiza.

Ila mimi sikuwa nimesema hekima yoyote. Nilikuwa nimekiri. Niliamini nilimzaa baba vibaya na kumlea vibaya, na ndiyo maana nyumba inaungua.

Baada ya hapo nilianza kujinyofoa nywele. Sikupanga. Mkono ulipanda wenyewe wakati nafikiri, kidole kikatafuta unywele mmoja mgumu, kikauvuta, na kwa kitambo kidogo sana kichwa kilitulia. Halafu mwingine. Kukatokea duara jeupe juu ya sikio, kisha utosini. Usingizi ukaniacha. Sketi ya shule ikawa inashikiliwa na pini. Shuleni wakaniita Bibi Kipara, nami sikupata hata nguvu za kugombana, kitu ambacho kwa mtu mwenye mdomo kama wangu kilikuwa dalili mbaya kuliko zote.

Zahanati walisema malaria. Nikameza klorokwini, nikawashwa mwili mzima, nikajikuna kwa mikono miwili, mmoja kwa dawa na mmoja kwa nywele. Wakasema minyoo. Shehe akaniandikia kombe kwenye sahani, nikalinywa, na hilo nalisifu kwa sababu lilinukia zafarani na shehe mwenyewe aliniwekea mkono kichwani taratibu bila kuniuliza chochote. Hatimaye shangazi Rukia akatupeleka kwa mganga mmoja milimani. Mganga akanitazama, akauliza jina langu, akafunga macho. "Mwenye jina amekasirika," akasema. "Mmemkosea heshima."

Basi wakaongeza heshima! Alichinjwa mbuzi. Nikakalishwa tena kitini, na ndugu mmoja mmoja akapiga magoti mbele yangu kuniomba radhi, watu wenye mvi, na kichwa changu kikiwa kama yai. Baba alipofika zamu yake alinishika miguu akasema, "Mama, nisamehe, najua nimekuaibisha." Nikatapika pale pale, juu ya khanga mpya. Wakasema ni hasira inatoka.

Mvua za kwanza zilipodondoka mama alisema basi. Alikuwa ananiogesha, akaona mbavu. Hakumuaga mtu. Alinifunga kitenge kichwani, naye akajitanda khanga mpaka puani, tukaenda kwenye ile hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo sisi watoto wa Dodoma tulitishiana nayo tukigombana. "Wewe utapelekwa kule!" Nami sasa nilikuwa napelekwa.

Wewe unayeogopa benchi la hospitali ile, ngoja nikwambie nilichokikuta. Hapakuwa na minyororo wala makelele. Palikuwa na watu wamekaa kwa foleni kama foleni yoyote, mzee mmoja anasinzia, msichana mmoja anamnyonyesha mtoto, mvua inapiga bati. Mama alitafuta kona ya mwisho ili asionekane. Pembeni yake alikaa mwanamke naye amejitanda mpaka puani. Wakakwepana macho muda mrefu. Kisha yule mwanamke akapiga chafya, khanga ikashuka, na alikuwa Mama Neema, jirani yetu wa nyumba ya tatu, kiongozi wa kwaya!

"Mama Mwanaidi?"

"Mama Neema?"

Wakatazamana. Halafu wakaangua kicheko, kicheko cha machozi, wameshikana mikono kama wasichana, mpaka nesi akachungulia kuona kuna nini. Mama Neema alikuwa amemleta kaka yake. Kila mwezi alikuja kwa kujificha, akidhani ni yeye peke yake Chang'ombe nzima. Tangu siku ile walikwenda pamoja, khanga mabegani, nyuso wazi, wamebeba vitumbua vya kula kwenye benchi. Sijui kama kuna dawa iliyomsaidia mama yangu kuliko ile chafya.

Nesi aliyenipokea tulimwita Sista Yudita. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno. Alinipa penseli za rangi na kuniuliza mambo madogo madogo. Kisha akauliza, "Kwenu mtoto wa kwanza ni nani?"

"Baba mkubwa," nikasema. "Wa pili shangazi Rukia. Wa tatu baba."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyewazaa."

Nilisubiri acheke, maana watu wote hucheka hapo. Hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Na wewe nani anakulea, Mwanaidi?"

Nikatafuta jibu. Nilitafuta kweli kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Nikasema bibi halelewi, bibi ndiye anayelea. Na hapo nikaanza kulia, nikalia kwa kwikwi, nikajipenga kwenye kitenge, na ajabu ni kwamba nilijisikia vizuri! Nilitamani aniulize tena.

Akamwita mama. "Lakini ule ni utani tu, sista," mama akasema.

"Kwenu ni utani, mama. Huyu ana miaka kumi na mmoja. Mnachomwambia anakiamini."

Tulipewa dawa kidogo ya kunisaidia kulala, na masharti mazito kuliko dawa. Mambo ya wazazi yasiletwe kwangu kwa namna yoyote. Niitwe kwa jina langu. Nipelekwe nje kucheza kila siku hata kama sitaki, na mwanzoni sikutaka, nilikaa kwenye tofali nawatazama wenzangu kama mjumbe wa nyumba kumi.

Kuanzia kliniki ya kwanza hadi ya pili nyumbani ilikuwa vita. Mama alijiuma ulimi kila alfajiri, "Mk... Mwanaidi, nipe mwiko." Baba ndiye aliyeshindwa. Alitoka chumbani asubuhi, akafika mbele yangu, akasimama, akahamisha taulo bega la pili, akaenda zake. Zabibu zilipoiva Sista Yudita alimwita naye aje. Nilikaa nje ya mlango na Mama Neema, tukamsikia.

"Nikimwita Mwanaidi namwona mtoto," baba alisema. "Nikimwita mama namwona mama yangu. Mkiniondolea hilo nabaki na nini?"

Sista akamuuliza kama alilia kwenye msiba. Baba akasema hapana, alikuwa anashughulikia jeneza na usafiri, na kazini walimpa ruhusa fupi. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, baba yangu analia kwa ajili ya mama yake, miaka yote hiyo baadaye. Mama Neema akanivuta kifuani. "Mwache," akaninong'oneza. "Yule si wa kubembelezwa na wewe."

Yule si wa kubembelezwa na wewe! Ningeweza kuruka juu. Nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda kumshika bega, nikakaa.

Kliniki ya tatu mahindi yalikuwa yamefika magotini, na mama alipokuwa ananisugua kichwa alipiga ukelele uliowatoa majirani. Nywele! Laini kama manyoya ya kifaranga, pembeni ya sikio. Aliita watu waje kugusa. Waligusa kweli, mpaka muuza maji aligusa. Baba naye akagusa, akasema polepole, "Zimeota, Mwanaidi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Siku hizo walikuwa wameanza kuuza mitumba pamoja, yeye anapanga na kukunja kwa unadhifu wa karani, mama anapiga kelele, na waliporudi waligombana wao kwa wao, chumbani kwao, mlango umefungwa. Nilisikia wakigombana nikaendelea kula.

Lakini shangazi Rukia aliposikia masharti ya hospitali alituma neno kutoka Kondoa. "Waambieni, wanataka kumzika mama yangu mara ya pili." Akakata mguu. Baba aliumia sana, na ndugu wengi walikuwa upande wa shangazi.

Kama unasoma haya na una mtoto anayesifiwa kwa akili za kikubwa, anayejua kila tatizo la nyumba na hajawahi kukusumbua, naomba umtazame kichwani, sahani yake, usingizi wake. Usisubiri apate kipara. Na kama mtoto ameshaugua, usipoteze muda kutafuta wa kulaumiwa. Kwetu walionipenda ndio walionitwika, na hao hao ndio waliokuja kunitua. Mmoja wao nilimkuta mahali ambapo sikumtegemea kabisa.

Baada ya mavuno binti wa baba mkubwa aliposwa, tukaitwa Kondoa kwenye kikao cha ukoo. Nilijua nini kinanisubiri. Tulipoingia watu walikuwa wameshakaa, na katikati ya chumba kulikuwa na kiti kimoja kitupu.

"Mama amefika!" baba mkubwa akapaza sauti kwa furaha. "Njoo mama, ukae, tusikie unasemaje kuhusu mchumba."

Nilimtazama baba. Aliinamisha kichwa, maana yule ni kaka yake mkubwa na wote walikuwa wanatazama. Mama naye ni mke aliyeolewa ukoo ule, hakuwa na nafasi ya kusema. Nikaanza kutembea kuelekea kitini. Nilihisi mkono wangu unapanda, unaingia chini ya mtandio, unatafuta.

Shangazi Rukia akausimamisha mkono ule. Alikuwa amenyanyuka bila mimi kumwona. Akautoa mtandio wangu taratibu, akanitazama kichwa, nywele fupi na lile duara la utosini ambalo lilikuwa bado halijajaa. Hakuwa ameniona tangu siku ya mbuzi. Akapitisha kiganja pale mahali patupu. Uso wake ulibadilika, na kwa muda nilidhani atapiga magoti tena.

"Na wewe unatafuta nini humu?" akasema kwa ukali.

Nikakionyesha kile kiti.

"Nakuuliza wewe! Watoto wameanza lini kukaa kwenye mambo ya watu wazima? Toka nje ukacheze na wenzio!"

"Dada," baba mkubwa akasema, "lakini huyu ni mama..."

"Mama amekufa, kaka." Sauti yake ilipasuka. "Mimi ndiye niliyemwosha. Amekufa. Huyu ni mtoto wa mdogo wetu, na anaumwa. Mwanaidi, toka!"

Nilitoka mbio nikajikwaa kizingitini. Nyuma yangu mlango ukafungwa, nikasikia shangazi analia na watu wanambembeleza, watu wazima, wengi, wenye mikono ya kutosha. Sikurudi kuangalia. Uani watoto walikuwa wanacheza rede kwa mpira wa soksi, na msichana mmoja mwenye meno yaliyoachana akanipigia kelele kama nacheza niingie, kama sichezi nipishe. Nikaingia katikati. Mpira wa kwanza kabisa ukanipiga mgongoni. Nikabisha! Nikasema haukunigusa, nikasema wanaiba, nikalia machozi ya hasira mbele za watu. Wakanicheka, wakanisukuma kando, wakaendelea na mchezo wao. Hakuna hata mmoja aliyenipa heshima yoyote, nami nikajifuta pua, nikapanga mstari nyuma ya wenzangu kungoja zamu yangu.